Spika Nne kwa Yangeyange wa Dunda

Nilikwenda Bagamoyo kwa sababu dada yangu Mwanaidi aliniomba nimsaidie kuokoa hifadhi yake, na kwa msaada wangu nikakaribia kuimaliza kabisa. Nimeona nisimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wengine.

Mwanaidi ni mtoto wa mama yangu mkubwa, mwalimu mstaafu, anaishi Dunda. Nyuma ya nyumba za mtaa wake kuna dimbwi la maji chumvi na kipande cha mikoko. Kwa miaka mingi yeye na majirani wachache wamekilinda kisikatwe kuni wala kisigeuzwe jalala, mpaka kikaitwa hifadhi ya mtaa. Sasa akatokea mtu anayetaka kujenga ukumbi wa harusi papo hapo. Wakubwa wakaunda kamati ya watu watatu: waende, waone kwa macho yao kama kuna ndege na wanyama wa kulindwa, wajaze fomu, wasaini. Wakiona, hifadhi inabaki. Wasipoona, tingatinga linaingia.

"Wewe umekaa maofisini," Mwanaidi aliniambia kwenye simu. "Nisaidie kuwapokea."

Kichwa kikanivimba. Nimestaafu masjala baada ya miaka thelathini, na hakuna ratiba ya shughuli iliyopita mikononi mwangu ikakosa mgeni rasmi. Nikaandika kurasa mbili: dua, utambulisho, wimbo wa wanafunzi, risala, salamu, hotuba, picha ya pamoja, chakula. Kutazama ndege nikakuweka namba kumi na moja, kabla tu ya neno la shukrani. Nikamtafuta na mgeni rasmi, mtu mzito ambaye ofisi yake siitaji, akakubali.

Ijumaa, saa tisa alasiri, niliondoka Tegeta kwa pikapu niliyoikodi, nyuma kumepakiwa jenereta, maturubai, viti vya plastiki na spika nne zenye kimo changu. Dereva, kijana anayeitwa Side, alizitazama spika, akaitazama na darubini niliyoivaa shingoni.

"Mama, kwani hao ndege ni viziwi?"

"Spika ni za mgeni rasmi," nikamjibu kwa ukali, nikapanda mbele.

Kuanzia Bunju hadi Kerege nilisoma mabango ya viwanja. Kila kiwanja kinatazama bahari, hata kile ambacho ukipanda mnazi mpaka kileleni utaona minazi mingine tu. Darubini yangu ilinionyesha nguzo za zege, mbuzi, na nguzo nyingine za zege. Nilijisikia mtaalamu.

Magharibi ilitukuta Dunda. Mwanaidi alitoka nje huku anajifunga vizuri kanga.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu, mdogo wangu." Akautazama mzigo. "Zuhura, umehamia?"

Jumamosi, saa kumi na mbili alfajiri, alinipeleka dimbwini. Nasema kweli, sikutegemea. Mikoko ilikuwa imejaa yangeyange mpaka matawi yameinama, weupe watupu. Chini yao mnandi alikuwa ametandaza mabawa akingoja jua. Mdiria wa bluu alijitupa majini, akatoka na kisamaki, akakipigiza kwenye tawi. Kwarara walikuwa wakichokoa tope kwa midomo yao mirefu, na nguchiro alipita ukingoni na watoto wake nyuma. Mwanaidi alinionyesha kila mmoja kwa kidevu, bila neno. Nilifurahi kama mtoto.

Tuliporudi barabarani tukakuta bodaboda tatu. Kamati nzima imewahi! Mwenyekiti wao, Bwana Kondo, alitaka kwenda shambani kwake Makurunge kabla jua halijawa kali.

"Shikamooni mama zangu. Tuingie, tuone, tusaini, tuwaache mpumzike."

Yaani ingetosha dakika kumi. Ndipo mimi, Zuhura wa masjala, nikasimama katikati ya njia.

"Haiwezekani. Mgeni rasmi hajafungua."

Mwanaidi alinigeukia. "Zuhura, ndege wapo sasa hivi."

"Dada, hifadhi haijafunguliwa."

"Kwani ilifungwa lini?"

Niliwakalisha wajumbe kwenye viti vyenye vitambaa vyeupe, wakiielekea meza kuu kama itifaki inavyotaka, mikoko ikiwa mgongoni kwao.

Saa mbili fundi wa muziki aliwasha jenereta, akakohoa kwenye kipaza sauti, akasema "moja, mbili." Hakufika tatu. Yangeyange wote waliinuka kwa pamoja, wakazunguka mara moja juu ya maturubai, wakaelekea Mlingotini. Bwana Kondo alitaka kugeuza shingo awaone. Mshereheshaji akamwomba atulie, wanapanga viti.

Mgeni rasmi aliingia saa saba kasoro. Alipigiwa makofi, akavishwa shada, akasoma hotuba iliyochapwa ofisini kwake.

"Nimefarijika sana," alisoma, "kujionea kwa macho yangu heroe wengi namna hii, ndege wa waridi wenye miguu mirefu."

Dimbwi lilikuwa mbele yake, tupu, na hakuinua macho kwenye karatasi alitazame hata mara moja. Tulipiga makofi. Baada ya chakula akaomba radhi, ana shughuli nyingine, akaondoka tukiwa namba kumi.

Namba kumi na moja ilichukua dakika tano. Waliopatikana ni kunguru wa mjini, wale wenye shingo ya kijivu, wakigombea pilau kwenye sahani zilizobaki. Bwana Kondo aliandika "kunguru". Akasita, akaandika "mbuzi", akakata. Nilimwona Mwanaidi ameketi ukingoni, mikono mapajani, anaitazama mikoko yake kama anaiaga. Iliniuma. Nilitamani anitukane.

Bwana Kondo naye aliona vibaya. Akasogea, akapunguza sauti.

"Mama, hotuba imeshataja heroe. Nani atambishia mgeni rasmi? Tuandike heroe, tusaini, yaishe."

Sifichi: mimi nilikuwa nimeshamtolea kalamu.

"Hapana," Mwanaidi akasema. "Heroe hapa sijawaona maisha yangu yote. Mkiwaandika, mwakani atakuja mtu kuwahesabu, na akiwakosa atasema Mwanaidi mwongo, hata mikoko kaichora. Andikeni kunguru, ndio mliowaona. Au rudini kesho alfajiri, bila huyu."

Huyu ni mimi.

"Bila spika," nikajitetea.

"Bila mdomo wako."

Wajumbe walitazamana. Kwenda tena Jumapili, bila shada wala pilau, hakumo kwenye mwongozo wowote. Bwana Kondo alikunja fomu, akasema ataona.

Jumapili alfajiri tulisimama kwenye umande, mimi nikiomba Mungu kimoyomoyo. Kwanza akaja Bi Asha, mjumbe mwanamke, amejitanda kanga. Kisha yule mjumbe wa tatu, ambaye tangu jana hakuwa amesema neno, nadhani ndiye aliyenifaa kuwa mwalimu wangu. Mwisho Bwana Kondo, suruali ameikunja magotini, viatu mkononi.

Tulifika ukingoni. Yangeyange walikuwa wamerudi, wote. Miaka thelathini ikanipanda kooni, nikavuta pumzi.

"Waheshimiwa wajumbe wa..."

Mwanaidi aliniziba mdomo kwa kiganja, kinanukia kitunguu, akakiacha hapohapo.

Hakuna aliyezungumza. Bi Asha alikuwa akihesabu kwa vidole, anakosea, anaanza upya. Kenge mkubwa alitoka mikokoni akapita mbele ya miguu mitupu ya Bwana Kondo, naye hakupiga kelele, alifumba macho tu. Jua lilipofika kwenye mabati, ndege wakaanza kuondoka wenyewe, makundi kwa makundi. Fomu ilikuwa imejaa mbele na nyuma. Walisaini juu ya goti. Mwanaidi alilia kidogo, akajifuta kwa upindo wa kanga, akawaambia chai iko tayari.

Adhuhuri nilianza safari ya kurudi na Side na spika zake. Nilikuwa nawaza jinsi nilivyozeeka nikiwapangia watu nani aseme kwanza na nani aseme mwisho, nisijue kwamba kuna mambo hayatokei mpaka wote tunyamaze. Tulikuwa tumefika Kiromo simu ilipolia. Alikuwa Bwana Kondo.

"Mama Zuhura, nimekwama. Kwenye fomu kuna sehemu ya jina la mgeni rasmi aliyeshuhudia ndege. Yule wa jana hakuwaona. Niiache wazi?"

"Ukiiacha wazi wataikataa. Nawajua."

Nikasikia karatasi ikigeuzwa.

"Basi naandika Mwanaidi."

Nikamwambia aandike kwa herufi kubwa.