Bakuli la Mtama wa Ruzizi

Wiki jana nilikuwa kliniki moja ya Haltom City, huku ughaibuni, nikisubiri kuitwa. Televisheni ya ukutani ilionyesha wakulima wa nchi kame, vita vimepita, wakipokea mbegu za kwao zilizohifadhiwa ng'ambo na watafiti wa kilimo.

Mama mmoja Mkongomani, bado na fulana ya kazi ya ghalani, aliuliza kinachoendelea. Mwanafunzi Mkenya aliyekaa kando yake akamweleza.

"Nasomea hayo, mama. Mbegu zinawekwa kwa baridi miaka mingi. Vita ikiisha, zinarudishwa."

"Na za kwetu, bonde la Ruzizi?"

"Huenda ziko. Naweza ku-check."

Mama akakutanisha viganja kama anayepokea kitu. "Bale batafiti balikuyaka kwetu mbele vita ianze. Mama yangu alibapatia mtama ule unavumilia jua. Balienda nao mu bakuli yake."

Kijana akacheka kidogo. "Bakuli haihifadhiwi, mama."

Yeye hakucheka. "Mama angali kule. Kila nikimupigia simu, anauliza bakuli yake."

Kwetu sote chombo cha mtu hurudishwa kikiwa na kitu ndani, na anayekirudisha ni yule aliyekibeba. Kijana akaangalia simu yake.

Mimi nina chupa ya chai, mama yangu alinifungia siku ya safari ya kuja huku. Iko kabatini kwangu, Grand Prairie. Kila tukiongea ananiuliza kama bado inatunza joto. Namwambia inatunza, ingawa tangu nifike sijawahi kuitia chai.