Harusi Yetu ya Ufukweni, Kule Makueni

Neno harusi likitajwa mbele ya watu wa kwetu Kanyangi, mimi huanza kutafuta mahali pa kuweka uso, kwa sababu najua kuna mtu atacheka, amguse mwenzake kwa kiwiko, halafu mtu wa tatu ambaye hata hakuwepo aanze kusimulia, na atasimulia vibaya, ataongeza mamba. Mamba hakuwepo. Kwa hivyo wacheni nisimulie mwenyewe, aibu ni yangu na nimeishi nayo tangu miaka ya themanini, naijua kuliko wao.

Wakati huo nilikuwa kijana wa kituo cha petroli pale Mtito Andei. Magari ya kuteremka Mombasa yote yalisimama kwetu, na kila Ijumaa ungekuta moja limefungwa riboni, ndani watu wananukia marashi, wanaenda kuoana kando ya bahari, ati mchanga wa kule ni mweupe na picha zinatoka vizuri. Mimi nafuta kioo huku nimetega sikio (kazi ile inakufundisha kusikiliza yasiyokuhusu), na polepole kichwa changu kikajaa mchanga.

Mchumba wangu aliitwa Mwende, mshonaji wa nguo huko Kikima, juu kabisa milima ya Mbooni, mahali pa ukungu na matope mekundu. Nikienda kumwona nilimwambia, "Mwende, sisi hatutaoana kama watu wengine."

"Tutaoana kama nani?"

"Ufukweni. Mchanga mweupe. Utavua viatu."

Akacheka, akaniita mwendawazimu, lakini nilijua ameipenda, kwa sababu safari iliyofuata nilikuta amekata kitambaa cha gauni lake kifupi kidogo mbele, miguu ionekane. Hapo ndugu zangu nilishaingia, hakuna kurudi nyuma.

Tatizo lilikuwa baba yake, mzee Ndeti, mzee wa kanisa, mtu mrefu ambaye akicheka watu huuliza kuna nini. Nilipomwelezea habari ya bahari aliweka kikombe cha chai chini. "Wewe unataka mama yangu, na magoti yake yale, apande lori mpaka Mombasa ndiyo akuone ukivua viatu?"

Nikasema hapana mzee. Na ni kweli, hata watu wetu wenyewe kutoka Kanyangi wangefikaje? Mtu mwingine angekubali yaishe, afunge ndoa kanisani Kikima, watu wale wali waende nyumbani. Lakini mimi nilishatangaza pale kituoni, mpaka madereva wa malori walikuwa wakipita wananipigia honi na kupaza sauti, "Bwana wa ufuko!" Nikajiambia, kama watu hawawezi kwenda kwenye mchanga, si tutafute mchanga ulio karibu na watu?

Nikamchukua rafiki yangu Kilonzo, ambaye ndiye angekuwa msimamizi wangu, tukazunguka na pikipiki yake kutafuta mahali. Nawaambia nilifurahia siku zile kuliko hata harusi yenyewe. Tuliangalia bustani ya hoteli moja pale Mtito, nzuri, maua yapo, lakini nyani walikuwa wamekaa kwenye tangi la maji wanatutazama kama wenye nyumba, na mwenye hoteli anasema, "Hawa ni wapole, wanataka mkate tu." Tukaangalia kilima cha mawe chenye mandhari ya kukutoa machozi, upepo ukachukua kofia ya Kilonzo ikaenda zake. Halafu alasiri moja tukateremka korongo fulani na tukaukuta mto.

Nyinyi mnaijua mito yetu ya mchanga. Karibu mwaka wote haina maji, ni mchanga tu, mpana, safi, umepinda katikati ya kingo mbili kama barabara ya wafalme. Huu wa kwetu ulikuwa unateremka kutoka milima ya Mbooni, na pale ulipopinda mchanga ulikuwa mweupe mpaka unaumiza macho, na migunga imesimama pande zote mbili inatia kivuli. Nikavua viatu hapo hapo. Nikatembea. Nikamwambia Kilonzo, "Bwana, hii ni Mombasa bila chumvi."

Kilonzo akaangalia juu, akaangalia chini. "Na mvua je?"

"Mvua gani? Unaona wingu?"

(Mimi, niliyezaliwa Kanyangi, niliyechota maji kwenye mchanga wa mto tangu nikiwa mtoto, ndiye niliyesema hivyo. Mgeni angesamehewa.)

Mchungaji alisumbua kidogo, akisema yeye hajawahi kuhubiri mtoni isipokuwa kubatiza, lakini mambo ya cheti tulikuwa tumeshayamaliza kwa DC, kilichobaki ni kiapo mbele ya Mungu na watu, na mwishowe alikubali mradi turubai lifungwe juu kwenye ukingo, chini ya migunga. Tukakubaliana hivyo. Ukingoni.

Siku yenyewe ikafika, na mbingu ilikuwa kavu, bluu tupu. Watu wetu wa Kanyangi wakaja na lori lao wakashukia upande wa mashariki, kina mama wanaimba tangu mbali. Watu wa Kikima nao wakaja upande wa pili na sufuria zote za chakula, maana wao ndio waliopika, na lori lao lilikuwa limepakwa matope mekundu hadi madirishani. Nikavuka mchanga mbio kuwasalimia. Mama yake Mwende akanishika mikono yote miwili anaruka ruka: "Mwanangu, huko kwetu imenyesha usiku kucha! Mungu amebariki hii ndoa!" Na mimi, kwa akili zangu timamu, nikaruka pamoja naye. Tukashangilia mvua. Hata nikaomba wimbo.

Sasa sikilizeni kosa lilipoingia, maana lilikuwa dogo. Mpiga picha niliyemtoa Mtito aliangalia turubai letu kule ukingoni, akakunja uso, akasema, "Hapa kuna kivuli, nyuso zitatoka nyeusi. Na mchanga hauonekani. Si ulisema ufuko?" Nikatazama kule katikati ya mto, ule mweupe wote unang'aa bure. Nikaona meza ya maharusi pale, maua, Mwende miguu wazi. Nikapiga makofi: "Vijana, shukeni na meza! Na viti! Ni kwa kiapo tu, tukimaliza tunarudi juu kula." Mchungaji akaniita kwa kuonya, "Musyoka." Nikamwambia, "Mchungaji, dakika chache tu." Akashuka, amekunja suruali, kipaza sauti chake cha betri kiko kwapani.

Mwende akaja. Siwezi kuwaelezea. Alivua viatu, gauni lile linacheza kwenye vifundo vya miguu, bibi yake mwenye magoti akapiga kigelegele cha kwanza na korongo lote likajibu. Alisimama karibu nami akaninong'oneza, "Kumbe hukuwa mwendawazimu." Nadhani hakuna mwanamume aliyewahi kuvimba kifua kama mimi wakati ule. Mezani mbele yetu palikuwa na keki ya ngazi tatu, iliyopikwa na mpishi wa hoteli kule Mtito, ambayo nilikuwa nimeipakata kwenye gari njia nzima bila kupumua.

Mchungaji akafungua kitabu. Akafika pale mahali mnapopajua: "Kama kuna yeyote mwenye pingamizi, aseme sasa, au anyamaze daima."

Watu wakanyamaza. Na katika ule ukimya tukasikia lori.

Kila mtu aligeuka kuona ni mgeni gani aliyechelewa. Lakini sauti haikutoka barabarani, ilitoka kwenye kona ya mto, na haikuwa inabadilisha gia. Ndege wote wakaruka kutoka migungani. Halafu mtu akapiga ukelele, "Mto! Mto unakuja!"

Kwanza lilikuja povu la rangi ya chai, limebeba vijiti na maganda ya mahindi, likitambaa tu kama linaomba njia, na nyuma yake ukuta. Matope mekundu. Ya Kikima! Mvua ile niliyoirukia kwa furaha ilikuwa imetufuata yenyewe. Watu wakatimka, viti vinaanguka, mchungaji anakimbia huku kipaza sauti kimewashwa kwa hivyo korongo zima linasikia anavyohema. Na mimi nikafanya nilichofanya. Niliachilia mkono niliokuwa nimeushika, nikanyakua kilichokuwa mbele yangu, nikakimbia upande wa mashariki na nguvu zangu zote, na sikusimama mpaka shangazi yangu aliponivuta kola kunipandisha ukingoni.

Nilipogeuka, mto ulikuwa umejaa ukingo hadi ukingo. Meza yetu inaondoka taratibu, kitambaa cheupe bado kiko juu yake. Turubai salama. Watu wakaanza kuhesabiana kwa majina, huku wanajibu, ng'ambo wanajibu, hakuna aliyepotea, ashukuriwe Mungu. Nikaanza kucheka kwa furaha. Halafu nikaona watu wa ng'ambo hawacheki, wananitazama mimi. Mbele yao amesimama Mwende, gauni limelowa hadi kiunoni, anahema, na shangazi zake wamemshika pande mbili.

Nikatazama mikono yangu. Nilikuwa nimeokoa keki.

Ngazi tatu zote. Hata ua la juu halikuanguka. Na mpiga picha, aliyekimbilia upande wangu, akachagua wakati huo kupiga picha.

Ng'ambo, mzee Ndeti alichukua kipaza sauti kutoka kwa mchungaji. Hakupayuka. "Musyoka," alisema, "mimi nimeona kwa macho yangu." Kisha akageuka akawaambia watu wake wapakie lori, wanaenda nyumbani. Nikaona kweli vijana wanainua sufuria. Nikamwekea shangazi keki mikononi nikashuka niingie majini, nivuke niende niombe msamaha hata kwa kuogelea, ambako sijui, wanaume wanne wakanirudisha kwa nguvu na kiatu kimoja kikaenda na mto. Nikapiga kelele "Mwende! Mwende!" lakini maji yalikuwa na kelele kuliko mimi.

Mwende alikuwa anafunga kamba ya nywele upya, kama mtu anayefikiria kazi ya kesho. Halafu akaenda kwa baba yake, akanyoosha mkono, akachukua kile kipaza sauti.

"Musyoka. Unanisikia?"

Nikaitikia kwa kichwa, kwa nguvu.

"Maji yakija tena, utashika nini?"

"Wewe!"

"Sisikii."

"WEWE!"

"Nani?"

"WEWE MWENDE! WEWE!"

Nakwambia nilipayuka mpaka sauti ikavunjika ikatoka kama ya jogoo anayejifunza, na huko ng'ambo mtu mmoja akashindwa kujizuia, akacheka, halafu wa pili, halafu bibi yake Mwende akaketi chini kabisa anajipiga mapaja, na kicheko kikavuka mto kikaja kwa watu wetu, watu wa pande mbili ambao hawakuwa wamewahi hata kusalimiana wakawa wanacheka pamoja, wananicheka mimi. Mzee Ndeti peke yake hakucheka. Alimgeukia binti yake. Akamwambia kitu ambacho Mwende aliniambia baadaye: "Unamtaka hata hivyo?" Naye akajibu, "Namtaka, lakini asichague tena mahali popote."

Basi mchungaji akafungua kitabu pale alipokuwa ameachia, na tukala kiapo mto ukiwa katikati yetu, yeye ananiuliza kwa kipaza sauti na mimi najibu kwa koo lililobaki, na kila nilipojibu watu wa ng'ambo walisema, "Rudia!" hata pale waliposikia vizuri. Chakula chote kilikuwa upande wao. Tukakaa juu ya ukingo watu wa Kanyangi tunawatazama wanapakua wali na nyama ya mbuzi, harufu inatufikia bila kipaza sauti.

Mito ya mchanga haina subira, inakuja kwa hasira na kuondoka haraka. Jua likiwa linaelekea kushuka maji yalikuwa magotini, na tukavuka tumeshikana mikono, mimi mbele na kiatu kimoja. Nilikuwa nimepanga nimletee Mwende ile keki walau iwe na maana, lakini nilipomgeukia shangazi alikuwa anapangusa midomo. Walikuwa wameila yote na kina mama wakati mimi nikiapa. "Tulikuwa na njaa, baba," alisema, "na wewe ulikuwa na shughuli."

Nikapanda ukingo wa pili mikono mitupu. Mzee Ndeti alikuwa pale juu ananingoja. Aliniangalia kiatu, suti, mikono.

"Keki iko wapi?"

"Imeliwa, mzee."

"Huna kitu kingine cha kushika?"

"Sina."

Akachukua mkono wa Mwende akauweka ndani ya wangu, akavifunga vidole vyangu kimoja kimoja kama anayemfundisha mtoto kushika kijiko. Na hapo ndipo, wallahi, niliona meno yake kwa mara ya kwanza.

Tangu siku hiyo sijachagua mahali pa sherehe yoyote, hata pa kunywea chai, na nikiulizwa naelekeza watu kwa Mwende. Kijana akija kwangu akinieleza amepata mahali pazuri pa kuoana, ati picha zitatoka vizuri, huwa simkatazi, namuuliza tu, watu wote wakitaka kuondoka kwa pamoja, watapitia wapi? Asiponionyesha njia, namwambia aende kanisani penye paa la mabati, afunge ndoa, ale wali akiwa ameketi.