Fimbo ya Ethi Niliyoikata

Fimbo ya ethi ni chuma kilichopakwa shaba, kirefu kuliko mita moja, na inatakiwa ipigiliwe ardhini yote. Kutoka hapo unavuta waya wa kijani wenye mstari wa njano hadi kwenye kila sanduku la chuma, kila mwili wa mota, kila chuma ambacho mkono wa mtu unaweza kukigusa. Umeme ukipotea njia ushuke ardhini, swichi kuu ijizime, mtu abaki mzima. Basi. Hata anayejifunza wiki ya kwanza anaijua kanuni hiyo, na mimi nilikuwa fundi wa miaka kumi na moja, mwenye mdomo wa kuwacheka wenzangu.

Kikundi cha kina mama wa kigango kimoja huko Mogitu kilinunua mashine ya kusaga, wakaniita kutoka Katesh niifunge. Mwenyekiti wao alikuwa dada mkubwa wa mama yangu. Yeye ndiye aliyekataa fundi mwingine, akasema aitwe mwanawe.

Mashine niliifunga vizuri, waya nikauunganisha kila panapotakiwa. Ikabaki fimbo. Ikaingia shubiri tatu, ikagonga mwamba. Nikahamia pembeni, mwamba tena. Jua kali, mgongo unauma, na mteja wa Dongobesh ananipigia simu bila kuchoka. Dawa yake naijua: unachimba mtaro, unailaza fimbo chini. Ni kazi ya nusu siku. Nikachukua msumeno wa chuma, nikaikata, nikafukia kile kipande, kichwa nikakiacha kinachungulia nje kama kawaida. Bora liende. Kwenye fomu ya kukabidhi kazi nikaandika kwamba ethi nimeipima. Sikupima kitu, mshenzi mimi.

Baada ya wiki chache mama mkubwa akanipigia simu.

"Mwanangu, hii mashine inang'ata. Ukigusa lile sanduku la swichi, unasikia mkono wote."

Nilijua palepale. Halafu nikacheka, ndiyo, nilicheka!

"Mama mkubwa, mashine zote zinang'ata kidogo. Vaeni kandambili tu."

Wakavaa. Wengine wakisahau, yeye anawakumbusha: fundi amesema.

Mavuno yalipoisha wakafanya sala ya shukrani palepale kwenye mashine, nami nikaalikwa, nikakalishwa benchi la mbele. Sakafu ilikuwa imemwagiwa maji ya kutuliza vumbi. Mashine ikawashwa, unga wa kwanza ukaanza kushuka, katekista akasema tuiwekee mikono. Kwetu kinachoombewa hushikwa. Mama mkubwa akavua kandambili zake, kwa maana tangu namfahamu hasali na viatu miguuni.

Nilimwona anavua. Jamani, nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu: zimeni! Nikawaza, nitaulizwa kwa nini. Nikainamisha kichwa kama mtu anayesali.

Akaliwekea sanduku mkono, na mkono haukuachia. Sauti yake sikuisikia, nilisikia kina mama wengine wakipiga kelele. Nikaruka nikavuta swichi kuu ukutani, naye akaanguka. Tukamkimbiza zahanati. Alipona, namshukuru Mungu, lakini vidole viwili vya mkono wa kulia havinyooki mpaka leo. Njia nzima watu walikuwa wananishika bega: fundi ndiye aliyemwokoa.

Kesho yake alfajiri nilikuwa Mogitu na sururu. Nikachimba mtaro, nikalaza fimbo mpya nzima, nikapima, safari hii kweli. Ndani ya sanduku nikakuta waya mmoja umechubuka kwa mtikisiko, nikaubadilisha. Walioniuliza niliwaambia naongeza nguvu. Wakasifu moyo wangu, wakaniletea chai na viazi, nikala.

Jumapili, baada ya ibada, mama mkubwa akawaita wanakikundi nje ya kanisa, akaniita na mimi. Mkono wake ulikuwa umefungwa bandeji hadi kwenye kifundo. Akasema amesikia maneno yanapita kwamba mashine ilifungwa vibaya, na hataki kuyasikia tena. Kosa ni lake. Aliambiwa asiguse bila viatu, akavua kwa ukaidi wa uzee.

Kisha akanigeukia.

"Mwanangu, nimekuharibia jina la kazi yako. Nisamehe."

Mtu ambaye tangu utoto namwamkia shikamoo nikiwa nimeinama, ananiomba msamaha mbele ya watu. Kina mama wote wakanitazama, wananisubiri. Ukweli ulikuwa mdomoni mwangu, mzima, ulibaki kutoka tu.

Nikasema, "Nimekusamehe, mama mkubwa."

Wakapiga vigelegele.