Bomba Lililopigwa Kalafati

Wiki hii nilikuwa ofisi ya maji, hapa Mafia, akaingia mama mmoja mwenye nyumba. Karani akamwahi: "Shikamoo mama. Mpira wa kuzibia bomba lako linalovuja bado haujafika kutoka Dar es Salaam."

"Marahaba. Ningeungoja, ukuta ungeanguka kwa kulowa. Mume wangu kaliziba."

"Yule fundi wa mashua?"

"Kalipiga kalafati, pamba na mafuta ya papa, kama anavyoziba mbao. Halivuji tena."

Karani alicheka mpaka akashika meza. "Mama, bomba si mashua!"

Mama aliitazama tu ndoo iliyowekwa chini ya bomba la ofisi, lililokuwa likidondosha maji tone, tone. Karani naye akaitazama, kicheko kikamwisha.

"Mzee yupo kesho?" akauliza polepole.

Kujitegemea tunahimizwa kila siku. Hakuna aliyetuambia kwamba kunanuka papa.