Kiroboto wa Maji Aliyemsemesha Nsimire

Maji ya bwawa la Kasha, hapa Bukavu, yalinuka matope na majani yaliyooza, na mwaka ule wa vita harufu hiyo ilijaa sebuleni kwetu. Baba yetu, papa, mwalimu wa zoolojia, aliogopa maabara isije ikaporwa. Akaileta hadubini nyumbani chini ya koti, pamoja na chupa ya maji ya bwawa, akawa anaiweka dirishani penye jua kila milio ya risasi ilipotulia.

Binamu yangu Nsimire, msichana wa miaka tisa, alikuwa amefika kwetu kutoka Mumosho pamoja na jirani yao, miguu imevimba. Wazazi wake hawakufika. Tangu siku hiyo hakutamka neno. Alikula alichopewa, akakaa alipowekwa, na nyimbo za mama yetu, maman, hazikumgusa.

Asubuhi moja papa alituita tuchungulie. Hidra, mnyama mwembamba kama uzi, alikuwa amejishikiza kwenye jani, mikono ameitandaza. Kiroboto wa maji, kijinyama kinachorukaruka majini, aliigusa, akatetemeka, akaganda, kisha akavutwa taratibu hadi mdomoni. Maman alipoelewa tulichokuwa tukitazama, alikasirika.

“Mutoto ameshaona mingi. Unamuonyesha tena kuuana?”

Papa, uso umemshuka, akataka kuiondoa hadubini. Nsimire, jicho lake bado liko pale, akamshika mkono.

“Huyu iko na batoto ndani,” alisema.

Sauti yake ilikwaruza kama ya mtu aliyetoka kuugua. Papa akainama. Kweli, kiroboto mwingine, mwangavu kama kioo, alikuwa akielea karibu na mikono ile, watoto wake wakionekana mgongoni.

“Mutoe, tonton,” alimwomba papa.

“Hidra nayo iko na njaa,” papa alijibu kwa upole, mwalimu hata siku hiyo.

“Ikule ingine. Si huyu.”

Kwa kijibomba cha kioo papa akamnyonya kiroboto yule na kumhamishia kwenye glasi. Maman aliketi sakafuni akalia kwa sauti. Jioni, Nsimire alitaja jina la mama yake.

Leo mimi ndiye ninayefundisha zoolojia hapa Bukavu, kwa hadubini zenye taa zake. Nawaambia wanafunzi kwamba hidra hana ubaya, anakula tu. Waliomfukuza Nsimire kwao sisemi hivyo juu yao. Wao walikuwa na akili ya kuchagua. Nsimire sasa ni mkunga huko Bagira. Juzi risasi zilipolia tena upande wa kwake, nilimpigia simu.

“Nitakuita kisha, dada,” alisema haraka. “Niko na mama moja hapa, mutoto anatoka.”