Leso Niliyoondoka Nayo Bongwe

Nicheke na wewe, maana darasa zima limeshanicheka.

Mimi ni mtu wa bara, nasoma chuo hapa Ukunda. Mwalimu alitutaka tuchunguze ni yupi anayependwa zaidi kati ya wagombea urais wawili wakubwa. Nikaenda Bongwe, kwenye arusi ya kwao Mwanasha, ninayesoma naye. Kina mama waliokuwa wakipika pilau wote walijifunga leso za kampeni zenye picha ya mgombea mmoja. Mimi nikapewa ya mpinzani wake nijifunge, imekunjwa vizuri, inanukia udi. Nikajisemea, maskini, huyu hata leso yake hawaitaki, wamemtupia mgeni! Nikaondoka nayo.

Siku ya kuwasilisha kazi nikaiinua mbele ya darasa kama ushahidi, nikamtangaza yule wa jikoni kuwa kipenzi cha Bongwe nzima.

Mwanasha akanyoosha mkono, kwa adabu zake zote.

"Dada, zile walizojifunga ni za kupikia, za kufutia masizi. Hiyo mama alikuwa ameiweka sandukuni, ya kuvaa Idi. Kwetu mgeni hapewi leso ya jikoni."

Akaitazama ile leso mkononi mwangu.

"Na mama anaiulizia."