Aliyetaka Nimfasirie Kigwena

Wengine mtasema ni jua, au ni njaa. Semeni. Mimi siku ile nilikuwa na akili zangu timamu, nimekunywa chai na maandazi, na yaliyonipata Kigwena yalinipata saa sita mchana, watu wakiimba kanisani hatua chache tu kutoka nilipokuwa.

Mimi ni mtu wa Uvira, ila nimeishi Rumonge miaka mingi. Kiingereza nilikiokota kambini Tanzania, kwa hiyo wageni wa misheni walipokuja siku kumi kutembelea marafiki zao na makanisa ya huku ziwani, mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wao. Na nilikuwa hodari.

Safari ya kwanza tulifika Gatete. Mama mmoja, Dafroza, alikuja mbele, vidonge vyake vya tansiyo, yaani presha, amevifunga kwenye pembe ya kitenge. Mgeni mmoja mzee alimwekea mkono kichwani, akaomba, halafu akaniambia kwa sauti ya chini: “Mwambie tunamwombea apone. Na asiache vidonge hata siku moja.”

Kanisa limejaa hadi madirishani. Pasta ananitazama. Ngoma inasubiri. Mnajua nilisema nini?

“Mama, anasema umepona! Vidonge viache hapa hapa!”

Vigelegele! Yule mzee akatabasamu, akidhani watu wamefurahia maombi yake. Mama Dafroza akafungua kitenge, akaweka vidonge mezani. Na mimi, niseme ukweli, niliona raha.

Mwaka uliofuata wageni walirudi, tukaenda Kigwena. Ibada ilikuwa ndefu, nikatoka kupunga upepo nyuma ya kanisa, kwenye michikichi. Nikamkuta Mama Dafroza amekaa peke yake juu ya rundo la matawi makavu.

“Amahoro, mama! Umetoka Gatete na miguu?”

Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umelala, jicho halifungi. Siafu walikuwa wanampanda mguuni, wanapita juu ya goti, naye hawapangusi. Kisha akafungua mdomo, na niaminini, ikatoka sauti ya yule mgeni mzee. Kiingereza! Maneno yale yale, na kikohozi chake kidogo katikati. Mwanamke ambaye hata jina lake hakujua kuliandika.

Alipomaliza, akaongea kwa sauti yake mwenyewe. “Mwanangu, ile siku alisema hivyo. Iko maana gani? Nifasirie.”

Ningeweza kusema. Pale hapakuwa na pasta wala ngoma. Nani angenisikia? Lakini nikajibu, “Alisema umepona, mama.”

“Murakoze,” akashukuru. Akainuka, akaingia kati ya michikichi. Ardhi yote ile imejaa matawi makavu, na sikusikia hata moja likivunjika.

Ndani nikamnong'oneza mama wa kwaya aliyetoka Gatete, “Mbona Dafroza haingii?”

Akanishika mkono. “Dafroza yupi? Yule tulimuzika wakati wa mvua. Tansiyo ilimuangusha shambani.”

Wageni walipoondoka nilikwenda kwa mume wa Dafroza, nikamweleza yote. Alikuwa anamenya mihogo. Hakunitukana.

“Miezi yote hii namuchukia yule muzungu,” alisema. “Kumbe ni wewe.”

Akaendelea kumenya, nami nikabaki nimesimama hadi nikaona aibu ya kusimama.

Nikamwomba pasta wa Gatete niseme mbele ya watu. “Unataka kuharibu kazi ya Mungu?” akaniuliza. Jumapili nikasimama bila ruhusa. Wakanipokonya maikrofoni, wakasema nina pepo, wakaniwekea mikono kichwani mpaka shingo ikauma.

Sasa nauza ndagala, dagaa wa ziwa letu, bandarini. Sifasiri tena, si kwa kupenda. Nikianza tu Kiingereza, hata salamu, mdomo wangu hulala upande mmoja. Nikirudi Kiswahili, unanyooka. Daktari amepima, haoni kitu.

Basi wewe unayesikia, ukiambiwa kwa jina la Mungu utupe dawa yako, usitupe. Muulize anayekuambia maneno hayo ni ya nani, na umtazame machoni. Ila usitegemee sana atakachojibu. Mimi niliulizwa na marehemu mwenyewe, nikamdanganya tena.